Waliorudi kwa Mkupuo Mmoja

Tangazo lilitukuta tukishona sare. Redio ya karakana ilisema serikali imeamua kuwarudisha askari wetu wote kutoka nchi ya mbali walikopigana miaka sita. Cherehani ishirini zikanyamaza. Nikaacha mfuko wa suruali ukining'inia kama ulimi wa mbwa, nikamkumbatia jirani yangu wa mashine, ambaye tulikuwa hatusemezani tangu mwaka juzi.

Mchumba wangu alikuwa dereva wa lori huko. Aliniposa wiki moja kabla ya kuondoka, akasema ni mwaka mmoja tu. Ikapita minne. Shangazi yangu alishazoea kunitambulisha kwa wageni, "Huyu ndiye mchumba wetu," utadhani ni cheo.

Msimamizi alitoka ofisini uso umemshuka. "Nafurahi pamoja nanyi," alisema, "ila sare hazitahitajika tena. Sijui tutashona nini."

Furaha ikaingia doa. Siku mbili tulishona kimya kimya. Ya tatu, mlinzi akaja mbio: wanawake wamejaa getini na hawabanduki. Walikuwa wachumba, mama zao na mawifi. Wanaume wa mji mzima walikuwa wanarudi kwa mkupuo, na kila mmoja alitaka kuoa kabla wakubwa hawajabadili mawazo. Maduka ya magauni yalishazidiwa.

"Mnaweza kushona gauni la harusi?" mama mmoja aliuliza.

"Mama, sisi tunashona chochote," msimamizi akajibu. Tukatazamana.

Mkono uliozoea sare haubadiliki kwa siku moja. Gauni la kwanza lilitoka na mifuko sita. Bibi harusi akatumbukiza mikono, akazunguka mbele ya kioo, akasema, "Msitoe hata mmoja." Tangu hapo kila aliyekuja alitaka mifuko.

Mchumba wangu alifika Alhamisi mchana, begi begani, mwembamba kuliko picha. Nilikuwa na pini mdomoni, hata kumwita sikuweza. Nilipozitoa, tulicheka mpaka machozi yakanitoka.

"Lako liko wapi?" aliuliza.

"Bado liko kwenye jora. Yamebaki manane ya watu."

"Nisogezee kiti."

Kumbe huko alikuwa akishona maturubai ya malori. Msimamizi akamsimamia kichwani. "Shemeji, hiyo ni hariri, si turubai."

"Basi itadumu," akasema, akapiga mshono wa pili.

Mara mkasi ukaanguka sakafuni. Kufumba na kufumbua, yeye alikuwa chini ya meza. Hakuna aliyecheka. Nami nikaingia, nikakaa naye kati ya vipande vya vitambaa, nikamshika mkono mpaka pumzi yake ikatulia.

"Huku kuna ubaridi mzuri," alisema mwishowe.

"Tukihamia nitaleta mapazia," nikamjibu. Akacheka, tukatoka, tukamaliza gauni langu siku iliyofuata.

Jumamosi misafara kumi na mmoja ya harusi, wetu ukiwamo, ilikutana njia panda, matarumbeta yakichanganya nyimbo, madereva wakipungiana badala ya kugombana. Katika vurumai ile shangazi akapanda gari lisilo letu. Tulimtafuta kutwa. Jioni tukamkuta kwenye ukumbi wa pili, meza kuu, akimpa nasaha bibi harusi asiyemjua hata kwa sura. Yule binti alikuwa akiitikia kwa heshima zote, na mama mkwe wake alikuwa anaandika.