Hesabu za Kaneza

Mwalimu Praxeda alikuwa na mkono mwepesi wa kalamu nyekundu, na alijisifia hilo. Kwa wiki tatu alikuwa akimwekea Kaneza, mwanafunzi wake mgeni, makosa ukurasa mzima wa daftari la hesabu bila kutua. Kaneza alikuwa na miaka kumi na mitatu, ametoka Burundi na baba yake aliyepata kibarua kwenye shamba la mkonge karibu na Maramba. Kiswahili alikuwa nacho cha kuokoteza. Kila alipokwama, Praxeda alimwambia, "Utazoea," akapita zake.

Sasa Mwalimu Mkuu Uweso alikuwa ameshaamua: Jumatatu binti ashushwe kutoka darasa la tano hadi la pili, akakae na watoto wanaomfikia kiunoni. Baba yake alikuja kusema kuwa mwanawe ameapa, akishushwa hakanyagi tena shule.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, chai ilikuwa ya moto mno, na akingoja ipoe ndipo Praxeda akapata muda wa kulitazama vizuri daftari la Kaneza. Kaneza hugawanya kwa mpangilio wa kwao: namba ya kugawia huiweka kulia, na jibu hulikalisha chini yake. Praxeda siku zote alitafuta jibu juu, akakuta patupu, akaweka kosa. Leo alishusha macho. Jibu lilikuwepo, tena sahihi. Akarudi hadi ukurasa wa kwanza. Katika hesabu ishirini, kumi na nane alikuwa amepata. Aibu ilimshika hadi masikio yakapata moto.

Akaenda moja kwa moja ofisini. "Shikamoo, Mwalimu. Mtoto anajua. Nisiyejua kuisoma kazi yake ni mimi."

Uweso hakuwa mtu wa kuambiwa tu. Akamwita Kaneza, akamwandikia 7848 gawanya kwa 24. Binti akagawanya kwa njia ya kwao, akaandika 327. Uweso akazidisha kuhakiki, akarudia. Akauliza, na Kiswahili je? Praxeda akasema atabaki naye nusu saa kila siku baada ya kengele.

"Basi abaki darasa la tano," Uweso akasema.

Praxeda alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia la mahindi. Kesho yake aliliambia darasa zima kwamba kosa lilikuwa lake, akajaribu kugawanya ubaoni kwa njia ya Kaneza. Akakwama katikati, chaki hewani. Kaneza akainuka, akaichukua ile chaki kwa mikono miwili, akaliandika jibu mahali pake.

"Utazoea, Mwalimu," akasema taratibu.

Darasa likaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Praxeda.