Mikono ya Nyiraneza Haisomeki

Asubuhi ya harusi Onyango, mhariri wa video, alishindwa kukaa. Aliketi, akainuka, akaenda dirishani kuichungulia barabara ya Kabeza kana kwamba jibu lake lingepita pale kwa pikipiki, akarudi. Alikuwa anarenda tena, yaani ameiachia kompyuta iunganishe vipande vyote viwe video moja, na kompyuta, kwa kiburi chake, haikuwa na haraka na mtu.

Kisa chote kilikuwa mikono ya Nyiraneza. Mama huyu, mshonaji wa Kabuga, ni kiziwi na huongea kwa ishara. Alipomwoza binti yake mkubwa alisimama ukumbini kutoa baraka zake, na mshereheshaji, alipoona watu wameanza kugeukia sahani, akamshukuru katikati ya sentensi na kuita wapiga ngoma. Mama akarudi kitini na maneno yake mikononi. Sasa anayeoa ni kitinda mimba, Mutsinzi, na Nyiraneza akaapa kwamba safari hii hakatizwi na mtu. Atarekodiwa, na alasiri ya leo ukumbi mzima utamwona kwenye skrini mpaka amalize mwenyewe.

Basi alikuja studio, akakaa mbele ya kamera, akaongea. Binti yake wa kati, Uwizeye, ambaye anasikia, alikaa pembeni akitafsiri kwa sauti kila mama alipopumzika. Alitafsiri kwa Kinyarwanda, na Kinyarwanda cha Onyango, mtu wa Kisumu, kilikuwa cha kununulia ndizi na kubishania nauli tu.

Jana aliwatumia video iliyokamilika. Uwizeye akapiga simu papo hapo.

"Kaka, mikono ya mama haisomeki. Vidole iko kama uji. Na inaruka-ruka."

Onyango alitazama, akakuta ni kweli. Wakati wa kuhariri picha ilikuwa safi kama kioo. Ikisharendwa, vidole vinaungana, mkono unageuka moshi. Wahariri wanaujua uchungu huu, nao ni uchungu wa kumtia mtu wazimu, kwa sababu kosa halionekani popote ila mwishoni. Akaongeza kiwango cha data. Uji. Akabadilisha aina ya faili. Uji. Akaizima kompyuta, akaiwasha, akaitukana kwa Kijaluo. Uji ule ule.

Kenny, mwenye studio, aliyekulia Kampala, aliingia na kikombe cha chai.

"Onyango, unajisumbua ya nini? Sauti iko safi kabisa."

"Mwenye maneno hana habari na sauti, bosi."

"Lakini wageni wanasikia, rwose, kweli kabisa!"

Onyango aligeukia kompyuta. Alianza upya tangu mwanzo wa kazi, na hapo mwanzo ndipo alipomkamata mchawi wake. Klipu ya kwanza kabisa aliyoiweka ilikuwa ya Mutsinzi akiwa mtoto, imetumwa kwa WhatsApp, ndogo, imechakaa. Programu ilichukua vipimo vya klipu ile ikavifanya vipimo vya kazi nzima. Picha kubwa ya kamera ilikuwa inabanwa iingie humo, kisha inavutwa tena. Kumbe ni hilo tu! Alijipiga kofi kwenye paji la uso, akarekebisha vipimo, akarenda, akasubiri huku amesimama.

Ilitoka safi. Kucha zilionekana. Makovu ya sindano kwenye kidole cha shahada yalionekana. Onyango alifurahi mpaka akacheka peke yake, akampigia Uwizeye simu waje na mama waone kwa macho yao.

Walikuja kwa teksi, Nyiraneza kilemba hakijafungwa vizuri, Uwizeye akitazama saa. Mama alikaa mbele ya skrini. Onyango akasimama nyuma yake akingoja sifa.

Hazikuja. Kwenye picha Nyiraneza alikuwa ametulia, mikono mapajani, na sauti ya bintiye inamiminika. Mikono ikainuka ghafla, ikaruka, ikarudi mapajani. Sauti ikaendelea. Mama alitazama mpaka mwisho, kisha akageuka, akainua vidole viwili, akavifungua na kuvifunga, akavifungua na kuvifunga. Uwizeye alifungua mdomo atafsiri, lakini ishara ile hata Onyango aliielewa. Mkasi.

Hapo Onyango akalitambua kosa lake. Kwa miaka yote ya kazi hii, hotuba yoyote ikimfikia, jambo lake la kwanza ni kuiamuru programu iondoe kila mahali penye kimya. Mapadri, wajomba, wenyeviti, wote wametoka mikononi mwake wakiwa wepesi wa maneno kuliko walivyozaliwa. Na hii aliifanyia vivyo hivyo, bila kufikiri. Lakini binti aliponyamaza ndipo mama alipokuwa akiongea. Alikuwa amemfutia mama yote aliyosema, akambakiza akisikilizwa kwa sauti ya mtu mwingine. Mikono iliporuka akasingizia kurenda.

Nyiraneza alifanya ishara nyingine, ndefu kidogo.

"Anasema nini?" Onyango aliuliza, akiogopa jibu.

"Anasema yule MC wa kwanza alimwachia angalau nusu."

Onyango aliweka mkono kifuani. "Mwambie mama nimekosa sana. Vipande vyote vipo, sijafuta hata kimoja. Navirudisha sasa hivi."

Kenny alishika kichwa. "Itakuwa refu mara mbili! Na nusu yake kimya. Watu watasema spika imekufa."

"Waseme."

Alirudisha kimya chote, kipande kwa kipande. Walifika ukumbini pamoja na Kenny, chakula kinapakuliwa. Onyango akachomeka flashi mwenyewe, akabaki amesimama kando ya projekta.

Nyiraneza alitokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, akaanza kuongea. Hakuna kilichosikika. Vijiko vikagonga sahani. Mtu akapaza sauti huko nyuma, "Sauti! Sauti!" na wengine wakamdakia. Mshereheshaji akanyakua maiki, akaanza kuomba radhi kwa hitilafu. Onyango alimfikia kwa hatua ndefu, akaifunika maiki kwa kiganja.

"Hakuna kilichoharibika," alisema. "Anaongea."

Wakati huo huo, katikati ya kimya kile, Mutsinzi alipasuka kwa kicheko. Alicheka peke yake ukumbi mzima, kisha akajifunika uso, mabega yakimtikisika. Watu wakaacha kula. Ndipo sauti ya Uwizeye ikafika, na wageni wakacheka kwa kuchelewa.

"Anasema nini?" Onyango alimnong'oneza Kenny.

"Anasema..." Kenny alimwinamia sikioni. "Anasema usiku alikuwa hawezi kusikia Mutsinzi mdogo akilia. Sasa alifunga kitambaa kwa mguu ya mtoto na kwa mkono yake. Mtoto akipiga teke, yeye anaamka. Anasema leo anafungua fundo, mke ajiandae kwa mateke."

Kwenye skrini mikono ilikuwa imeinuka tena, na hakuna aliyedai sauti. Nyiraneza, kwenye kiti cha mbele, hakuwa akiitazama. Alikuwa amemkazia macho mshereheshaji, na hakuyaondoa mpaka yule alipoiweka maiki mezani na kukaa.