Danson Hujibu kwa Macho

Hakuna mtu anayemjua ndugu yangu Danson kunishinda. Hawezi kuongea, kwa hivyo kila asubuhi mimi humuuliza anataka kukaa wapi. Akiangalia juu ni ndiyo, akifumba macho ni hapana.

Jana Shirley, anayetembelea watu wenye ulemavu hapa Mogogosiek, alimkuta chumbani, kiti chake cha magurudumu kimeangalia ukuta.

"Mbona hayuko kwa geti? Si hupenda kuona watu wakipeleka majani chai?"

"Amekataa, madam," nilisema nikificha gemu ya simu. "Hataki jua limharibie sura."

Hakucheka. Alichuchumaa mbele ya kiti.

"Danson, leo umeulizwa?"

Danson akafumba macho.

"Na juzi?"

Hakuyafumbua. Machozi yakapenya kati ya kope.