Zamu ya Gichovi

Siku ya soko pale Runyenjes, Gichovi alisimama mbele ya bucha ya Abubakar akisubiri ratili moja ya nyama ya ng'ombe, kama alivyozoea. Abubakar alikuwa akimchagulia kipande chenye mfupa mdogo, maana alimheshimu, huku mteja wa nyuma akinung'unika kwamba kwake kuna sufuria inangoja. Gichovi akapiga mwayo mrefu. Abubakar akatazama jua, akaweka kisu juu ya gogo.

"Riungu ameamka," akasema. "Pita ndani, mzee, ulale kidogo. Nyama nakuwekea."

Gichovi akapita nyuma ya duka, akajinyoosha juu ya magunia, na mteja wa nyuma akasogea mbele. Runyenjes nzima iliijua habari hiyo na hakuna aliyeiona ngeni. Gichovi, mkazi wa hapo, na Riungu, mkazi wa Makutano kule Meru, hawakuweza kulala kwa wakati mmoja. Mmoja akiwa usingizini, mwingine hubaki macho, apende asipende. Umbali wa njia haukusaidia kitu.

Mambo hayo yalianzia msituni, enzi za kupigania uhuru. Pango moja huko mlimani lilikuwa na watu watatu: Gichovi, Riungu na kijana mmoja mcheshi aliyeitwa Mwirigi. Usiku mmoja aliyekuwa na zamu ya kulinda alisinzia, askari wakaja, Mwirigi akauawa. Gichovi aliamini kwamba zamu ilikuwa ya Riungu. Riungu aliamini kwamba zamu ilikuwa ya Gichovi. Walimzika mwenzao, wakashika udongo wa kaburi lake, wakaapa kwamba hawatalala tena wote wawili kwa pamoja mpaka mashamba yarudi. Tangu hapo aliyemaliza zamu alimbana mwenzake kidole gumba cha mguu, akamwambia, "Zamu yako," kisha akalala.

Walibishana pia, kwani msituni maneno ndiyo chakula kisichokwisha. Riungu alisema wazungu wakiondoka kila mtu apate shamba lake na hati yake, mwenye bidii aongeze, mvivu auze. Gichovi alisema ardhi iliyomwagiwa damu haiuzwi, igawanywe kwa waliopigana na kwa wajane, na chai ichumwe kwa ushirika. Riungu akamwita mtu wa Urusi. Gichovi akamwita mzungu mweusi. Wakacheka, maana ndege za Mwingereza zilikuwa zikiwaangushia wote wawili mabomu bila kuuliza nani anafuata siasa ipi.

Uhuru ukaja. Walitoka msituni na manywele yao, wakapigiwa makofi, kila mmoja akaenda kwao. Mara ya kwanza kulala kitandani, Gichovi alijilaza kando ya mkewe, Nelius, akabaki amekodolea macho mabati mpaka Riungu alipoamka kule Meru. Kulipokucha akamwambia Nelius kwamba mashamba hayajarudi. Nelius alikuwa anajua. Shamba lao la ukingoni mwa msitu, pamoja na mashamba ya majirani waliokuwa vizuizini, lilikuwa limeandikwa kwa jina la bwana mmoja aliyekuwa karibu na wakoloni na sasa alikuwa karibu na serikali. Miche yake ya chai ilikuwa imefika magotini. Gichovi na Nelius waliishi kwa kaka yake Nelius, kwenye kibanda kilichopakana na zizi la mbuzi, na hilo lilimuuma Gichovi kuliko risasi aliyowahi kupigwa pajani.

Riungu alijiunga na chama cha serikali, akapewa ploti Makutano na kiti kwenye kamati ya ardhi. Gichovi alijiunga na chama cha upinzani, akapewa polisi wa kumfuata. Hapo ndipo usingizi nao ukaingia siasa. Riungu alinunua godoro la sponji, akawa analala mapema, chai ya jioni haijapoa. Gichovi akaona ameonewa, akaanza kulala mchana ili kumkomoa. Riungu akasema hadharani kwamba Gichovi anamnyima usingizi kwa maagizo kutoka Urusi. Gichovi naye akasema kwamba kila penye mkutano wa upinzani Riungu hulala mpaka adhuhuri, makusudi, ili yeye apande jukwaani kichwa kikimgonga. Wote wawili walikuwa wanasema kweli kidogo.

Serikali ilikuwa na shida yake nyingine. Maneno ya kile kiapo yalijulikana na kila mtu. Kila kiongozi alipopanda jukwaani kutangaza kwamba mashamba yamesharudi kwa wananchi, mama mmoja katikati ya watu aliuliza kwa upole kama wale wazee siku hizi wanalala pamoja. Mkutano ukawa umekwisha.

Kwa hiyo mkuu wa tarafa akaamua wazee walazwe. Vitanda viwili vya chuma vililetwa uwanjani kutoka zahanati, vikawekwa chini ya turubai, mashuka yakiwa yamepigwa pasi. Wanafunzi waliimba. Riungu, akiwa amevaa suti na ameanza kukonda, alikuja kwa gari la serikali na mkewe, Karwirwa. Gichovi alikuja kwa miguu na Nelius, akiwa na koti lile lile alilotoka nalo msituni. Mkuu wa tarafa alimvuta kando, akamweleza kwamba hakuna anayemlazimisha kulala kwa kweli. Afumbe macho tu mpaka hotuba iishe, na jua halitazama kabla ya kuandikiwa shamba zuri kule Ishiara.

Gichovi alimtazama mkewe. Nelius alimwambia wazi kwamba amechoka kumwomba kaka yake ruhusa ya kupanda maharagwe, na kwamba hata Ishiara, pamoja na ukame wake, angekwenda leo. Halafu akamwambia kwamba akiyafumba macho hayo, yeye hatampikia tena maishani. Gichovi akauliza afuate lipi.

"La pili," akasema Nelius.

Riungu alivua viatu, akalala chali. Vitanda vilikuwa vimekaribiana kama walivyokaribiana wao kule pangoni. Gichovi aliketi juu ya chake, mikono magotini.

"Fumba macho, Gichovi," Riungu alinong'ona. "Mkeo apate mahali."

"Nikifumba utasema tumelala."

"Nitasema."

"Na wewe unajua hayajarudi."

Riungu akajivutia shuka. "Zamu ile ya Mwirigi ilikuwa yako," akasema.

"Ilikuwa yako."

"Basi zamu hii usiikatae."

Akafumba macho, na muda si muda akawa anakoroma. Mkuu wa tarafa akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba wazee wote wawili wamelala na kwa hivyo suala la ardhi limefungwa rasmi. Watu wakamtazama Gichovi. Gichovi akawatazama watu. Mpiga picha akampiga picha Riungu peke yake, na viti vya mbele vikapiga makofi. Ndipo Gichovi akasimama juu ya kitanda cha serikali, na viatu vyake vya tairi, juu ya shuka iliyopigwa pasi.

"Mimi niko macho," akasema, na wenye vibanda sokoni wakamsikia.

Polisi walimshusha, wakamfungia kituoni. Huko aliwasumbua sana, kwa sababu kila askari wa zamu aliyesinzia alimwamsha. Riungu hakuamka. Walimtikisa, wakammwagia maji, wakampeleka hospitali ya Meru, ambako madaktari walisema moyo unadhoofika na hawajui kwa nini haamki kama watu wengine. Gichovi alikuwa na macho mekundu kama nyanya. Mwishowe Karwirwa akaja kituoni mwenyewe, akaomba aazimwe Gichovi, kwa vile yeye ndiye aliyejua mahali pa kumbana mumewe. Chama kilimhitaji Riungu, kwa hiyo Gichovi akaazimwa.

Walipofika, wakubwa wa chama walikuwa wamezunguka kitanda na kofia zao mkononi. Gichovi alisimama miguuni pa Riungu bila kumgusa. Alimwambia Karwirwa kwamba anaamini mumewe amelala makusudi ili yeye afe kwa kukesha.

"Labda," akasema Karwirwa. "Mbane hivyo hivyo."

Gichovi akaushika mguu. Ulikuwa wa baridi, kama enzi zile. Akabana kidole gumba, na Riungu akafumbua macho.

"Mashamba yamerudi?" akauliza.

Wakubwa wa chama walimsikia vizuri kabisa.

"Bado," akajibu Gichovi.

"Basi zamu yako."

Akafumba tena, akafa kabla uji wa wagonjwa haujaletwa. Gichovi alilia pale pale mbele ya wakubwa. Alimpenda mtu yule na hakumwamini hata siku moja, na kifo hakikubadili lolote kati ya hayo. Mpaka leo hajui kama alikabidhiwa zamu au alitegwa.

Tangu siku hiyo Gichovi hajalala, kwa kuwa Riungu haamki. Gazeti liliandika kwamba wazee wamelala wote na ardhi imerudi. Shamba la Ishiara lilikwenda kwa shemeji wa mtu. Ile chai ya ukingoni mwa msitu iliongezwa, ikawekewa ua, na kila asubuhi Gichovi hupita chini ya ua, akaenda kuketi palipokuwa na mlango wa nyumba yake ya zamani. Wachumaji humsalimu, naye huwajibu kwa majina. Polisi walishamkamata mara nyingi, lakini mahabusu asiyelala huwachosha walinzi, na kila mara wamemwachia.

Nelius humletea uji adhuhuri. Akishampa, hujinyoosha kati ya mistari ya chai, akaweka kichwa kwenye paja la mumewe, lile lenye kovu, akalala fofofo. Askari wa shamba akipita huwaambia waende nyumbani. Gichovi humjibu kwamba hapa ndipo nyumbani, na kwamba apite polepole, mama amelala.