Karo ya Naliaka kwa Magunia

Katika chumba cha upatanishi pale mahakama ya Kitale, Wakoli aliiweka kalamu mezani, akakunja mikono.

"Mtoto asome shule ya kutwa pale Kiminini, alale kwangu. Mkitaka nilipie bweni, pesa zitapitia simu ya nani? Ya huyu. Na huyu ati anajenga kule Matisi."

Kujenga! Rispah, aliyekuwa mkewe, alikuwa amepanga chumba kimoja tu nyuma ya posho mili, mashine ya kusagia unga. Lakini hakuja kubishania vyumba. Talaka walikwisha kubaliana, shamba walikwisha gawana. Kilichobaki ni karo ya binti yao Naliaka, aliyeitwa gredi ya kumi katika shule ya bweni huko Bungoma. Mwisho wa kuripoti ulikuwa Ijumaa, na leo ni Jumatano. Asipofika, nafasi anapewa mwingine.

"Baba Naliaka," alisema, "mimi sitaki hata shilingi yako. Una mahindi?"

Wakoli alicheka. "Unaniuliza kama nina mahindi? Si wewe uliyapalilia?"

"Nikayavuna pia. Basi shule inapokea mahindi. Jana nimempigia mhasibu wao. Magunia kumi na manne kwa mwaka, saba muhula huu. Unapeleka mwenyewe, unapimiwa mwenyewe, risiti unapewa mwenyewe. Mkono wangu haumo."

Bwana Ngari, mpatanishi wao, aliacha kuandika akamgeukia Wakoli. Wakoli alikuna kidevu.

"Na nikipeleka, mtoto nitamwona?"

"Si ni wako, bana. Nani atakuzuia?"

Wakoli akaichukua kalamu, akatia sahihi.

Ijumaa saa tatu asubuhi, pikapu ya Wakoli ilisimama mbele ya stoo ya shule. Rispah na Naliaka walikuwa wamefika zamani, sanduku la bati miguuni. Jotham, mtunza stoo, alichoma gunia kwa kipima unyevu, akasoma, akachoma la pili.

"Asilimia kumi na nne na nusu. Mwisho wetu ni kumi na tatu na nusu. Haya yataota ukungu, mzee. Sipokei."

Wakoli alitazama chini. "Niliharakisha. Niliyapukuchua jana."

Rispah alikuwa na maneno matatu ya kumwambia, yote makali, na yote ya kweli. Akayameza. Ofisi ya usajili ingefungwa saa kumi, na maneno hayakaushi mahindi.

"Bwana Jotham, una maturubai?"

Waliyatandaza kwenye uwanja wa netiboli, mahindi ya magunia saba, yakawa tabaka jembamba chini ya jua la Januari. Rispah alishika reki upande huu, Wakoli akavuta miguu ndani ya mahindi upande ule, kama walivyofanya kila mwaka nyumbani. Naliaka alivua viatu vyake vipya akawafuata.

"Geuza pale kwenye kona, Baba Naliaka. Unazunguka mahali pamoja kama ng'ombe wa kinu cha miwa."

"Nageuza, mama. Hata ukiniacha bado unanisimamia?"

"Mpaka saa kumi tu."

Naliaka alicheka, wakamsikia wote wawili, wakaendelea kugeuza.

Saa tisa, Jotham alirudi na kipimo chake. Alipima mahali pengi kuliko ilivyohitajika.

"Kumi na tatu na nukta tatu. Jazeni magunia."

Risiti iliandikwa kwa jina la Naliaka, ikapigwa muhuri, na matroni akaja kumwita akaonyeshwe kitanda. Wakoli ndiye aliyembebea sanduku hadi mlango wa bweni.

Rispah aliketi kwenye benchi la kantini. Ndipo njaa ilipomshika, njaa ya mtu ambaye tangu Jumatatu chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Aliagiza chapati mbili na maharagwe. Wakoli alipotokea bwenini, sahani ilikuwa tupu.

"Umemaliza peke yako?"

"Nimemaliza," Rispah alisema, akamwinulia muuzaji mkono. "Niongezee mbili."