Ndama Mweupe Aliyeugua Macho

Siku ile mjinga alikuwa Heaika. Mwenyewe anakiri kabla hujamaliza kumuuliza, na zizi zima lilikuwepo kushuhudia, kwa hiyo hata angekana asingefika mbali.

Kisa kilianza kiangazi, wakati wa kukata ndama alama za masikio. Kulungu wa theluji walipobanana zizini, ugonjwa wa macho ukawaingia kama umbea: inzi huyu jicho hili, mara jicho lile, na pua kwa pua kwenye hori la chakula. Ndama mmoja mweupe pe, wa kutamaniwa na kila mtu, akabaki nyuma akizungukazunguka na kujigonga kwenye nguzo. Macho yalikuwa yamevimba, yametanda utando wa rangi ya maziwa, tongotongo zimeganda hadi mashavuni. Mama yake alikwisha kuondoka na kundi, na masikio ya ndama hayakuwa na mkato wa mtu yeyote.

Wengine walisema achinjwe asije akaambukiza wenzake. Heaika akambeba begani, akaenda naye nyumbani.

Daktari wa mifugo, Solveig, mwanamke asiye na maneno mengi, alimpa dawa ya kupaka pamoja na masharti. Ndama akae peke yake kwenye banda la kuni lenye giza, maana mwanga unamchoma. Heaika apake dawa asubuhi na jioni, anawe mikono, aweke chakula, aondoke. Hasa aondoke. Huyu si mbwa, alisema, usimzoeshe kubembelezwa.

Heaika alitimiza yote isipokuwa hilo la kuondoka. Alimnywesha maziwa kwa chupa, akamchumia kwa mkono wake ule ukoga mweupe wa mlimani wanaoupenda kulungu, na kubwa kuliko yote, akamtungia joiki yake mwenyewe, ule wimbo wa kwao ambao kila apendwaye hutungiwa wake, akawa anamwimbia mle gizani. Mkewe Risten akipita na ndoo alikuwa akisema kwamba tangu waoane yeye hajaimbiwa hata nusu ya hiyo. Labda na yeye augue macho.

Utando ukaisha. Macho yakafunguka, meusi, maangavu, na kitu cha kwanza yalichokiona baada ya giza lote lile kilikuwa uso wa Heaika.

Vuli ikafika, kundi likarudi zizini kugawanywa. Hapo ndipo Mihkkal, kaka yake Risten, alipomdai ndama. Jike lake jeupe lilizaa ndama mweupe, alisema, na kila mtu anajua. Heaika naye akasema jike lake lenye pembe moja lilizaa mweupe vilevile. Kanuni ya zizini ni fupi: ndama asiye na alama ni wa mwenye jike analolifuata. Asiyefuata jike lolote ni wa jumuiya nzima, na jumuiya nzima huwa ina njaa.

Majike yote mawili yakaletwa. Heaika alikuwa na uhakika hata kisu cha kukatia alama alikwisha kukichomoa. Ndama akafunguliwa. Akalinusa jike la Mihkkal, likamtupia teke. Akalinusa la Heaika, likamwonyesha ile pembe. Basi akainua pua juu, akakata mbio zizi zima hadi kwa Heaika, akaingiza kichwa chini ya koti lake kutafuta chupa.

Watu walicheka mpaka kamba zikawadondoka mikononi. Heaika akamsukuma, ndama akarudi. Akajificha nyuma ya majike, akafuatwa huko huko. Akaruka ua, akasimama nje. Ndama akapenyeza kichwa katikati ya mbao, akawa anamlilia.

"Shemeji," Mihkkal akaita, akijifuta machozi ya kicheko, "maziwa unayo kweli, au unamdanganya tu mtoto wa watu?"

"Nimemtibu mimi. Bila mimi angekuwa kipofu huyu."

"Na tunakushukuru sana. Ila kanuni haiulizi nani kapaka dawa, inauliza jike. Wewe unaliona jike hapo?" Akawageukia wenzake. Jike hakuna, akasema, kwa hiyo ndama ni wa wote, na yeye fungu lake angependa wamwekee ulimi.

Kicheko kikapungua. Heaika alikuwa anamfuta ndama jicho kwa kidole, kwa mazoea tu, maana hapakuwa na kitu cha kufuta.

Risten alikuwa ameketi pembeni na kahawa yake, vipande vya nyama kavu vikielea ndani ya kikombe kama ilivyo desturi yao. Kama kila mtu pale, tangu utotoni ana alama yake ya kukatia ndama masikio, si ya mume wala ya kaka. Akaweka kikombe chini, akaja hadi kwenye ua, akamnyang'anya mumewe kisu.

"Kaka, kanuni si inasema ndama ni wa mwenye mama anayefuatwa?"

"Ndivyo inavyosema."

"Basi mama ndiye huyu mwenye ndevu. Na huyu ni wangu, kanisani mlikuwepo wote. Hebu nishikie hilo sikio."