Renfort Aliyezaliwa Butembo

Katika mpira wa kikapu wa kwetu, mchezaji anayeitwa kutoka mbali ili aokoe timu kwenye fainali anaitwa renfort. Anapewa chumba, jezi na sifa za siku chache. Kombe likishainuliwa, anasindikizwa hadi kwenye pikipiki. Mimi Hénock nimeishi hivyo tangu ujana: Goma, Bukavu, Bujumbura, hata Beni, ambako walinipenda sana hadi siku ya kuondoka. Sasa goti langu la kushoto linalia kama mlango mkuukuu.

Mwaka huu iliniita klabu ya Butembo. Butembo, nilikozaliwa! Fainali ni dhidi ya Beni, kiwanja kiko karibu na kwa mama, na mama hajawahi kuniona nikicheza hata mara moja. Nilitaka hilo tu: anione, goti likiwa bado linanikubalia. Nikampeleka mwenyewe, nikamkalisha mstari wa mbele na kitenge chake cha Pasaka.

Tukiwa tunapasha misuli joto, Kasonia, mjumbe wa klabu ya Beni, akaiendea meza ya kamati kwa upole wa katekista.

"Timu moja, ba-renfort babili," akasema. "Butembo iko na babili tayari. Huyu Hénock ni wa tatu."

"Huyu ni mutoto wa hapa," akajibu Éphraïm, kocha wetu.

"Mwaka jana alicheza kwetu Beni. Mwaka wa mbele ya pale, Bukavu. Donc wa hapa namna gani?"

Damu ikanipanda. Nikaanza kufoka, lakini Muyisa, mwenyekiti wa kamati, akaninyamazisha kwa mkono. Kasonia akasema basi aulizwe mama yangu, kwa kuwa mama hawezi kumkana mwanawe. Nilifurahi kama mjinga. Ningepata wapi shahidi bora zaidi?

"Mama Hénock," Kasonia akainama kwa heshima, "huyu mutoto wako, akifikaka ku nyumba, unamupikiaka nini?"

Mama akajinyoosha kwenye kiti. Hatimaye mtu alikuwa amemuuliza jambo la maana.

"Kuku," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kila mara akifika, namuchinjiaka kuku. Mimi hapana mutu wa kumupa sombe."

Watu wakacheka, hata wa upande wetu. Hapa kwetu mtoto wa nyumbani hula kilichopo: bugali, sombe la majani ya muhogo, maharagwe. Kuku huchinjiwa mgeni.

"Mama amesema ukweli," Muyisa akasema, akijikaza asicheke. "Hénock ni mugeni. Akae."

Nilimwambia Muyisa maneno ambayo siyarudii hapa. Niliwakasirikia wote: Kasonia, Éphraïm aliyerudi kupanga wachezaji wake, na, Mungu anisamehe, kila kuku wa mama. Mtu umezaliwa hapa, umebatizwa hapa, halafu unatolewa mchezoni na supu! Mama peke yake hakuelewa kilichotokea. Alidhani wamefurahia ukarimu wake.

Éphraïm akaniomba niwapelekee wenzangu maji wakati wa mapumziko. Nilitaka kumtupia lile bidoni la maji. Lakini mama alikuwa ananitazama, nikalibeba. Kila nilipoingia kiwanjani na maji, alisimama akapiga makofi. Wengine walipofunga, alikaa kimya. Tulishinda. Sikutazama hata ubao wa pointi.

Tukirudi nyumbani, alinishika mkono.

"Papa, leo nimeona kazi yako," akasema, akiniita Papa kama alivyonibembeleza utotoni. "Bote balikunywa. Hapana hata mumoja alikataa."

Nilifungua mdomo nimweleze. Miji yote ile, miaka yote ile, na goti hili. Alikuwa anatembea kwa furaha, akisalimia majirani, akinionyesha kwao.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Hiyo njo kazi yenyewe."